Watu Elfu Moja wa Chiriku

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipanda ngazi za nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi na kuingia katika chumba kimoja kilichonuka rangi na saruji. Hicho ndicho kilichokuwa ofisi ya Chama cha Wachangia Damu. Kulikuwa na meza mbili, kabati la chuma ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba, kompyuta kuukuu, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Katibu wa chama alikuwa mama yake. Chiriku alimwamkia, akakaa kwenye meza ya pili na kufanya kazi zake za shule huku mdomo ukifanya kazi yake. Jina la Chiriku alipewa na mjomba wake, kwa sababu tangu alipojifunza kusema hakuwahi kunyamaza kwa hiari.

Mwezi ule ulikuwa wa manyunyu, na ofisini hakukuwa na raha. Akiba ya damu katika hospitali ilikuwa imepungua mno. Chama kilikuwa kinajiandaa kwa siku yake ya kuchangia damu, inayofanyika mara moja kwa mwaka katika ukumbi wa shule, na safari hii siku hiyo ilisubiriwa kwa hofu. Chiriku naye aliisubiri kwa hofu yake mwenyewe. Rafiki yake wa dawati moja alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba yeye mwenyewe alijiita Kijiti, kabla wengine hawajapata nafasi ya kumtania. Daktari alikuwa amesema kwamba lazima aongezewe damu, na kundi lake la damu halikuwa la kupatikana kirahisi.

Mwenyekiti wa chama alikuwa mkunga mstaafu. Alikuwa amezalisha akina mama wa mitaa yote ile, na watu wazima wengi waliopita barabarani walipokelewa na mikono yake. Basi kila mwaka, siku ya kuchangia ilipokaribia, Mkunga alichukua mwavuli wake na kupita nyumba hadi nyumba. Alibisha hodi, akaingia, akamtazama mwenye nyumba usoni na kusema, "Wewe nilikupokea mimi. Sasa nipe kidogo nikampe mwenzako." Nani angemkatalia? Hata wababe wenye vifua vipana walifika ukumbini wakiwa wamekunja mikono ya mashati, wakiogopa sindano kimyakimya.

Lakini mwaka ule magoti ya Mkunga yalikuwa yamechoka. Ndipo mjomba wa Chiriku, ambaye ni fundi wa kompyuta, alipokitengenezea chama tovuti. Alikuja ofisini kuionyesha akiwa amevimba kichwa kama mtu aliyejenga ghorofa.

"Na hivi vipele vya nini?" Mkunga aliuliza, akionyesha safu ya alama za duara chini ya tangazo.

"Si vipele, mama. Ni vitufe vya kusambaza," mjomba alisema. "Mtu akishasoma tangazo anabonyeza kimoja, anachagua jirani yake, anamtumia. Jirani naye anamtumia mwingine. Ukifumba na kufumbua, mtaa mzima umeshapata habari."

"Na hii namba pembeni?"

"Inaonyesha tangazo limesambazwa mara ngapi."

Mkunga aliguna. Alimgeukia Chiriku. "Haya, mwenye mdomo. Kazi hii ni yako, maana mimi macho hayaoni hizo herufi za sisimizi. Mama yako atakupa simu ya ofisi, ina namba za wachangiaji wetu wote. Mtumie mmoja mmoja. Msalimie kwanza. Mwambie kwa nini umemkumbuka yeye na si mwingine. Usiwarushie watu tangazo kama unarusha mahindi kwa kuku."

"Sawa, bibi," Chiriku alijibu, na siku ile alikuwa na nia njema kabisa.

Alianza siku hiyohiyo. Loo, kumbe watu wana maneno! Mmoja aliuliza, "Wewe nani?" Mwingine aliuliza kama mwenye kisukari anaruhusiwa, Chiriku akalazimika kumuuliza mama, na mama akalazimika kumuuliza muuguzi. Mzee mmoja alimjibu kwa kisa kirefu cha jino lililong'olewa vibaya. Wengine walisoma wakanyamaza. Jioni ilipofika, mkono ulikuwa umekufa ganzi, na ile namba ya pembeni ilikuwa bado ndogo, ndogo ya kutia aibu. Mjomba alipita akaichungulia. "Mpwa wangu, hata haijafika kumi na tano? Hivyo vitufe nitaving'oa," alisema akicheka. Alikuwa anatania tu. Chiriku hakucheka.

Kesho yake alibonyeza kitufe, kikafunguka kidirisha cha kuchagua mtu wa kumtumia. Kabla hajachagua, mama alimwita amshikie ngazi. Aliporudi alikifunga kidirisha bila kumtumia mtu yeyote. Akatazama pembeni. Namba ilikuwa imepanda.

Alibonyeza tena, akafunga. Ikapanda. Akageuza shingo kumtazama mama, ambaye alikuwa amempa mgongo akihangaika na kabati. Akabonyeza tena.

Sasa mtu anaweza kuuliza, mtoto huyu alikuwa mwovu? Hapana. Alikuwa mvivu kidogo, na alikuwa na kiu ya kusifiwa, na vitu hivyo viwili vikikutana ndani ya mtu mmoja havina adabu. Alijiambia kwamba watu wakiona namba kubwa watavutiwa kusambaza wenyewe. Alijiambia kwamba kesho ataendelea na wale wa simu. Kesho hakuendelea nao. Alibonyeza na kufunga, alibonyeza na kufunga, huku daftari la hisabati likiwa wazi mbele yake kama kinga. Kabla wiki haijaisha, namba ilikuwa imevuka elfu moja.

"Jamani, njooni muone!" mama aliita. Alimkumbatia Chiriku mbele ya watu. "Mwanangu huyu! Nilidhani anachezea simu, kumbe anafanya kazi!"

Mjomba alifuta miwani akatazama mara mbili. Yeye kama fundi angepaswa kushtuka. Lakini tovuti ilikuwa ya mkono wake, na nani anapenda kuikagua sifa inapomjia mlangoni? "Makubwa haya," alisema tu, akitabasamu.

Mkunga alikaa kwenye kiti akikanda magoti. "Elfu moja," alisema polepole. "Mimi katika mwaka wangu mzuri kabisa sikufikia hata robo yake. Basi mwaka huu sitapita majumbani. Mwili wangu na upumzike."

Hapo ndipo Chiriku alipopaswa kusema. Neno lilikuja hadi kwenye ulimi. Lakini mkono wa mama ulikuwa bado begani mwake, na mjomba alikuwa bado anatabasamu, akalimeza. Tangu siku ile soga zake zikapungua. Mama alidhani ana mafua.

Siku mbili kabla ya siku ya kuchangia, Kijiti alilazwa. Chiriku alikwenda kumwona akiwa na mama. Wodi ilikuwa na vitanda vingi na taa moja iliyokuwa ikipepesapepesa. Kijiti alikuwa amelala ubavu, midomo imepauka, macho yamegeuka manjano. Miguu ilikuwa inamuuma hadi alikuwa hataki shuka liiguse. Lakini alipomwona Chiriku alivuta simu ya mama yake kutoka chini ya mto.

"Nimeona," alinong'ona. "Mama kanionyesha. Watu elfu moja na zaidi, Chiriku! Wote hao ni kwa ajili yetu wagonjwa?"

"Eeh," Chiriku alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

"Mimi nilidhani hakuna mtu anayetujua." Kijiti alifumba macho. "Daktari amesema damu ya Jumamosi ikipatikana asubuhi, wataipima siku hiyohiyo, na usiku naongezewa. Nitavumilia hadi Jumamosi. Si mbali."

Usiku ule Chiriku hakula vizuri. Aliomba Mungu watu waje wenyewe tu, kwa njia yoyote ile, hata kwa kupotea njia.

Jumamosi iliamka na mvua. Ukumbini wauguzi walikuwa wametandika vitanda, wamepanga mifuko ya damu na masanduku ya barafu. Juu ya meza ndefu kulikuwa na biskuti na maji ya matunda ya kutosha jeshi zima. Viti vilipangwa safu kwa safu, kwa sababu Mkunga alikuwa ameagiza viongezwe. Yeye mwenyewe alikaa mlangoni akiwa amevaa gauni lake zuri, tayari kuwapokea watu.

Mama wa Chiriku alitoa damu. Mjomba alitoa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alifika akatoa, akala biskuti, akaondoka. Mwalimu mmoja alikuja akarudishwa kwa sababu shinikizo lake la damu lilikuwa juu. Baada ya hapo, hakuna. Mvua iligonga mabati. Wauguzi walikunja mikono. Kila kivuli kilipopita dirishani Mkunga alinyanyuka nusu, kisha akakaa tena.

"Mama, watu wenu wako wapi?" muuguzi mkuu alimuuliza, si kwa ukali. "Tulileta gari kubwa kwa sababu mlituambia mmepata elfu."

"Watakuja," Mkunga alisema. "Mashine inasema elfu moja. Watakuja."

Aliyasema hayo mara ya kwanza kwa uhakika, mara ya pili kwa unyonge, na mara ya tatu hakuyamaliza. Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya meza ya biskuti. Hata damu yake haikutakiwa, yeye mtoto. Angeruhusiwa angetoa yote.

Simu ya mama ililia. Alikuwa mama wa Kijiti. Kwa sababu ya kelele za mvua mama aliiongeza sauti ya simu, na kila mtu akamsikia. "Dada, vipi huko? Mtoto anahema kwa shida. Wanasema hospitali haina damu ya kundi lake hata mfuko mmoja. Anauliza watu wamefika wangapi. Nimwambieje?"

Mama aliutazama mlango.

"Hakuna watu," Chiriku alisema.

Wote walimgeukia. "Hakuna watu kwa sababu niliowaambia ni kumi na wanne tu. Ni mimi. Nilikuwa nabonyeza kitufe na kufunga. Nabonyeza na kufunga. Namba yote iliyobaki ni mimi peke yangu." Kisha akaanza kulia kwa sauti kama mtoto mdogo.

Mama alikata simu taratibu. Aliinua mkono, na Chiriku alidhani atapigwa, lakini mkono ulikwenda ukamfunika mama mwenyewe macho. Mjomba alikaa chini. "Mimi ndiye niliyeitengeneza ihesabu vidole badala ya watu," alisema akitazama sakafu. "Niliona imepanda mno, nikanyamaza. Nilifurahia."

Mkunga alijishika kwenye kiti, akanyanyuka, goti likalia kwa sauti. Alichukua mwavuli.

"Bibi, mvua," mama alisema.

"Naiona." Akamtazama Chiriku. "Futa kamasi. Twende."

Kabla hawajatoka alimwomba muuguzi asifunge. Muuguzi alitazama saa, akatazama viti vitupu, akasema atasubiri hadi jua litakapozama, si zaidi.

Walikwenda. Mkunga alipanda ngazi za watu akishika ukuta, akipumzika kila kituo, akibisha hodi kwa mpini wa mwavuli. Na kila mlango uliofunguliwa, jibu lilikuwa lilelile. "Leo? Mbona hatukuambiwa? Tulikuwa tunakungoja upite kama siku zote. Hukupita, tukajua mwaka huu haipo." Kila jibu lilimchoma Chiriku mahali palepale. Mkunga hakumtaja kwa watu, hakuwaambia kosa ni la nani. Alisema tu, "Sasa nimepita. Kuna mtoto anangoja."

Huku nyuma mjomba alikuwa amekaa na kompyuta yake ukumbini. Aliifuta ile namba. Aling'oa vitufe karibu vyote, akaacha viwili, vile ambavyo watu wa mitaa ile wanavitumia kweli, akaviweka juu kabisa pamoja na saa na mahali. Aliandika kwa herufi kubwa: "Tuko ukumbini sasa hivi. Wagonjwa wanasubiri. Tunafunga jua likizama." Kisha akampigia Chiriku, aliyekuwa na ile simu ya ofisi mfukoni. "Bonyeza, mpwa wangu. Lakini safari hii kila ukibonyeza, awepo mtu upande wa pili."

Basi Chiriku, mgongo ukiwa umelowa, kwenye vibaraza vya watu wakati Mkunga akipumzisha magoti, aliandika. "Shikamoo mwalimu wa kwaya. Nakutumia wewe kwa sababu mwaka jana ulikuja na waimbaji wako." "Habari za mchana, mama mwenye saluni. Nakutumia wewe kwa sababu wateja wako wanakusikiliza." Walipouliza, aliwajibu. Mzee wa jino naye alileta kisa kingine, na Chiriku alikisoma chote, akamjibu, na mzee akaja na wanawe.

Walikuja, ndiyo. Walikuja wakiwa wamelowa, wengine wakinung'unika, mmoja akiwa bado na aproni ya kazini. Hawakujaza viti. Hata hivyo kabla ya jua kuzama, wawili kati yao walikuwa na kundi la damu la Kijiti, na muuguzi mkuu aliiandika mifuko yao kwa kalamu nyekundu. Mama wa Chiriku alilia kwa furaha. Muuguzi akamtuliza.

"Ashukuriwe Mungu, tumepata. Lakini damu haitolewi hapa ikaingia kwa mgonjwa palepale. Lazima ipimwe, na mashine za maabara zimeshafungwa. Ingefika asubuhi angeongezewa leo. Sasa hadi kesho mchana."

Usiku ule mmoja Kijiti aliumwa kuliko siku zote. Mama yake alisimulia baadaye kwamba alilia hadi sauti ikakauka. Jumapili mchana aliongezewa damu, na jioni maumivu yakaanza kupungua. Alipona. Tuseme hivyo mapema, msomaji asiumie bure. Lakini usiku ule ulikuwepo, na hakuna aliyeweza kuufuta.

Siku ya tatu baada ya hapo Mkunga alimpeleka Chiriku wodini. Alibaki kwenye benchi la nje, akamwacha aingie peke yake. Chiriku alimweleza Kijiti kila kitu bila kuzunguka. Kijiti alimsikiliza akiwa ameegemea mto.

"Ule usiku," Kijiti alisema, "nilipoumwa sana nilikuwa nawafikiria. Wale watu elfu. Niliwapa sura. Nilimpa mmoja kofia, mwingine baiskeli. Nilijiambia wako njiani, mmoja akichelewa mwingine atafika." Alilivuta shuka hadi kidevuni. "Kumbe ulikuwa wewe tu."

Akageuza uso ukutani.

Chiriku alitoka akakaa kwenye benchi. Mkunga alimpa leso. Walimtazama mfagiaji akisukuma maji ya mvua kuelekea mlangoni.

"Amekataa kuniangalia," Chiriku alisema.

"Ana haki," Mkunga alisema. "Mimi sitakudanganya ili ulale vizuri. Lakini nisikilize, mjukuu wangu. Vile vitufe havina ubaya. Siku ile kwenye mvua uliwaleta watu ambao magoti yangu yasingewafikia, nami nimekubali, mwakani tutavitumia tena. Ubaya ulikuwa kuonyesha kazi ambayo hukuifanya. Ukidanganya kazi ya kufagia, tutaona uchafu, tutakugombeza, tutafagia. Ukidanganya kazi ya kuwaita watu, hakuna anayeona kitu mpaka mgonjwa awatafute asiwaone. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Ungesema siku ile ya kwanza kwamba watu ni kumi na wanne tu, ningechukua mwavuli wangu siku ileile."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Atanisamehe?"

"Sijui. Hilo muulize yeye, si mimi. Na asipokujibu leo, utakuja kesho umuulize tena, kwa miguu yako."

Chiriku alifuta uso. Akanyanyuka, akausukuma mlango wa wodi, akaenda kukaa kando ya kitanda. Kijiti alikuwa bado anatazama ukuta. Chiriku hakusema neno, yeye asiyejua kunyamaza, na alikaa hapo mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia.